Chuma cha Vita Kilichopewa Sauti



Tangu zamani katika nchi ya Uzinza, upande wa Geita na Biharamulo, walikaa wahunzi walioitwa Warongo. Walichimba mawe yenye chuma, wakayayeyusha kwa moto wa makaa na mivukuto, wakafua majembe. Majembe yao yalichukuliwa Usukuma na kufika hata Unyanyembe. Mengine yalilima mtama, na mengine hayakulima kamwe bali yalitolewa mahari. Baadaye yakaja majembe ya viwanda vya Ulaya, na matanuru ya Warongo yakazimika moja moja. Lakini kazi ya kufua haikufa pamoja nayo. Mhunzi aliyekosa chuma cha mlimani aliokota springi ya lori lililokufa njiani, akaifanya kisu au shoka. Hakuuliza springi ile ilibeba mizigo ya nani. Aliigonga, akaisikiliza, akaitia motoni kidogo, akajua ni chuma cha namna gani.

Twaanza na wahunzi hao kwa sababu habari tutakayoieleza ni ya namna ile ile, ila chuma chenyewe kilitoka mbali. Kilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya vita vya 1939 hadi 1945, na kazi yake ilikuwa kuitia sauti ya mtu katika wimbi la redio. Huitwa transfoma ya modulesheni. Jina ni refu, lakini kitu chenyewe hakitishi, na mwanafunzi yeyote aliyepata kuchezea sumaku ataelewa.

Simu ya upepo si mgeni wa jana katika nchi za ziwani. Wadachi walijenga mitambo yake Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam kabla ya vita vya 1914. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza iitwayo Astraea iliupiga mizinga mtambo wa Dar es Salaam, na mwezi wa Julai 1916 Waingereza wakauteka mji wa Mwanza. Basi redio ilikuwa imekwisha kuleta mizinga kabla watu wetu hawajaisikia ikisema neno. Na kweli haikusema. Mitambo ile iligonga tu, fupi na ndefu, kwa alfabeti ya Morse, kama mbiu ya mgambo ambayo hulia lakini haitamki.

Kuifanya itamke ilikuwa kazi nyingine. Mkanada mmoja, Reginald Fessenden, alionyesha mbele ya mashahidi tarehe 21 Desemba 1906, mahali paitwapo Brant Rock huko Marekani, kwamba sauti ya mtu yaweza kupelekwa bila waya. Kisha zikaja vali, yaani chupa za kioo zilizotolewa hewa ndani, ambazo huukuza umeme mdogo ukawa mkubwa. Kwa vali hizo kazi ya Fessenden ikawa kazi ya kila siku.

Twaweza kuieleza kwa mfano wa nyumbani. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri katika njia ya kwenda Bagamoyo. Mpagazi asiye na mzigo hufika pwani, lakini hafikishi kitu. Mzigo usio na mpagazi hulala pale pale ulipowekwa. Wimbi la redio ni mpagazi: hutetema mamia ya maelfu au mamilioni ya mara katika sekunde moja, na huweza kuvuka pori, mlima na ziwa. Sauti ya mtu ni mzigo: hutetema mara mia chache au elfu chache tu, na ikiachwa peke yake haivuki mashamba mawili. Kumtwika mpagazi mzigo huo ndiko kuitwako modulesheni. Katika namna ya kwanza iliyoenea, ile iitwayo AM, kimo cha wimbi hupanda na kushuka kwa kufuata sauti, na redio ya msikilizaji huusoma ule mpando na mshuko na kuugeuza kuwa maneno.

Sasa, nani humtwika? Hapa ndipo transfoma inapoingia. Tarehe 29 Agosti 1831, huko London, Michael Faraday alichukua pete ya chuma akaizungushia waya wa shaba upande mmoja, na waya mwingine upande wa pili. Alipoutia umeme upande wa kwanza, au alipoukata, sindano ya kipimo upande wa pili ilicheza, ingawa waya hizo mbili hazikugusana. Nguvu ilipita kwa njia ya sumaku ndani ya chuma. Transfoma zote za dunia, kubwa na ndogo, ni watoto wa pete ile.

Katika mtambo wa AM, vali ya mwisho, ile ilishayo antena, hupata umeme wake kwa kupitia upande mmoja wa transfoma. Upande wa pili hufungwa vali za kukuza sauti. Tuseme vali ya mwisho hulishwa volti 1,000 na mkondo wa ampia 0.2, hiyo ni nguvu ya wati 200. Ili sauti iutikise umeme huo kwa ukamilifu, vali za sauti hazina budi kutoa wati 100, yaani nusu yake. Msemaji anapopaza, zile volti 1,000 hupanda mpaka 2,000, kisha hushuka mpaka karibu na sifuri, kisha hupanda tena. Na pale juu kileleni wimbi liendalo angani huwa na nguvu mara nne ya ile ya kawaida. Haya yote hupita katika kipande kimoja cha chuma chenye waya. Mwanafunzi asikose kuona kwamba jambo hili si la bure: sauti nzuri yataka nguvu nyingi, na nguvu nyingi yataka chuma kingi.

Tena kuna shida moja ya peke yake. Umeme unaolisha vali ya mwisho huenda upande mmoja tu, wala haurudi, na kwa hiyo hukisumakisha chuma siku zote kwa upande ule ule. Chuma kikishiba sumaku hakipokei nyingine, kama mtungi uliojaa. Ndipo sauti huvunjika na kukwaruza. Basi mafundi walikifanya chuma kuwa kikubwa kuliko cha transfoma ya kawaida, tena wakaacha mwanya mwembamba katikati yake ili kisishibe upesi. Mwaka 1934 kituo cha WLW cha Cincinnati, Marekani, kilianza kutangaza kwa wati 500,000, na transfoma zake zilikuwa kama nyumba ndogo. Hata ile ya wati 100 ilikuwa nzito na ya ghali. Mtu maskini aliweza kujisukia koili za antena kwa mkono, aliweza kutengeneza kasha kwa mbao, lakini transfoma ya modulesheni ilimshinda.

Watu waliojitengenezea mitambo ya redio kwa kupenda tu, bila mshahara, walikuwa wengi Uingereza na Marekani kabla ya vita. Kwa Kiswahili twawaita watu wa redio ya ridhaa. Vita ilipozuka mwaka 1939 Serikali ya Uingereza ilizifuta leseni zao, na Marekani nayo ikawanyamazisha ilipoingia vitani mwezi wa Desemba 1941. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba majeshi yaliwanyamazisha watu lakini yakavitaka vyombo vyao. Kampuni ya Hallicrafters ya Chicago ilikuwa ikiwauzia watu wa ridhaa mtambo mmoja mkubwa uitwao HT-4. Jeshi la Marekani liliuchukua, likauimarisha, likauita BC-610, likaupakia katika malori na kwenda nao vitani. Ulikuwa mzito kiasi kwamba hapana mtu mmoja awezaye kuuinua. Kwa ndege kubwa, kampuni ya Collins ilitengeneza mtambo mdogo zaidi uitwao ART-13, wa kadiri ya wati 100, ambao ulirushwa hata katika ndege za B-29. Kila mmoja wa mitambo hiyo ulikuwa na transfoma yake ya modulesheni, nayo ilitengenezwa kuvumilia joto, unyevu na mtikisiko.

Na watu wetu walikuwako. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini katika vita hiyo. Askari wa Afrika ya Mashariki walipigana Ethiopia mwaka 1941 na Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 iliteremka bonde la Kabaw huko Burma katika mvua na matope, mpaka ikauvuka mto Chindwin penye Kalewa mwezi wa Desemba. Katika majeshi hayo kilikuwako kikosi cha mawasiliano cha Afrika ya Mashariki. Jeshi liliwatafuta kwa kikosi hicho watu wajuao kusoma na kuandika, maana mtu hawezi kupokea Morse bila kuandika. Na kwa sababu hiyo vijana wa shule, na baadhi ya walimu, walijikuta wamebeba betri na vali badala ya chaki. Walijifunza kufunga antena juu ya mti, kuitafuta sauti katikati ya kelele, na kujua kwa sikio kama chombo kina afya.

Vita ilipokwisha, leseni za ridhaa zilirudishwa, Marekani tangu mwisho wa mwaka 1945 na Uingereza mwaka 1946. Maghala ya majeshi yalikuwa yamejaa. Vitu vingine vilitoswa baharini au vilivunjwa. Vingine viliuzwa kwa bei ambayo haikufikia hata gharama ya shaba iliyokuwa ndani yake. Katika barabara ya Lisle, London, na barabara ya Cortlandt, New York, maduka yaliweka vyombo vya jeshi nje mlangoni kama viazi sokoni. Mtu aliyeshindwa kununua transfoma moja mwaka 1938 aliweza sasa kununua mtambo mzima wa ndege, akatoa transfoma yake, akautupa uliobaki.

Lakini hapo palihitaji akili ya mhunzi. Transfoma nyingi zilikuwa makasha meusi yaliyozibwa kwa lami, yenye namba za jeshi zisizoeleza kitu. Mjinga aliifunga papo hapo na kuwasha. Mwenye akili aliipima kwanza. Aliupa upande mmoja volti chache za umeme wa kwenda na kurudi, tuseme zile 6.3 za kuwashia vali, akapima upande wa pili. Akiona volti 4.45, aligawanya na kupata 1.41. Namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 2. Basi alijua kwamba transfoma hii hufanya ukinzani wa upande mmoja uonekane mara mbili upande wa pili. Katika mfano wetu wa juu, volti 1,000 zikigawanywa kwa ampia 0.2 hutoa omu 5,000. Kwa hiyo vali zake za sauti zitaona omu 10,000. Kama vali alizonazo zapenda kadiri hiyo, ndoa imefaa. Kama hazipendi, atafute vali nyingine au transfoma nyingine. Twawashauri walimu wenzetu wa hesabu waufundishe mfano huu, maana wanafunzi huuliza kila mwaka kwamba kipeo cha pili kina faida gani.

Palikuwa na jambo la pili la kupima. Jeshi halikutaka muziki. Lilitaka amri isikike katikati ya ngurumo ya injini, na kwa hiyo transfoma zake ndogo zilipitisha sauti za katikati tu, karibu mitetemo 300 hadi 3,000 kwa sekunde. Mtu wa ridhaa aliyetaka sauti nene ya kifua chake isikike aligundua kwamba chuma kidogo cha ndege kinakataa. Dawa yake ilikuwa kukipunguzia chuma mzigo: ule umeme wa upande mmoja ulipitishwa katika koili nyingine ya pembeni, na sauti peke yake ikapitishwa katika transfoma kwa njia ya kapasita. Fikra hiyo ilitokana na kazi ya Raymond Heising, fundi wa kampuni ya Western Electric, nayo ilikifanya chuma kile kile kiimbe vizuri kuliko jeshi lilivyokusudia.

Jambo la tatu lilikuwa la hatari. Vali za sauti zikipaza sauti wakati vali ya mwisho imezimwa, nguvu haina pa kwenda. Volti hupanda, hutoboa karatasi iliyotenga waya na waya, na transfoma hufa kwa mlio mmoja. Fundi naye akigusa volti 1,000 hufa bila mlio.

Hapa hatuna budi kutaja habari ya Tanganyika yenyewe, maana nchi yetu ilipata mabaki ya vita kwa wingi, ila kwa namna nyingine. Mwaka 1947 ulianza mpango mkubwa wa karanga, Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta yalinunuliwa katika mabaki ya jeshi yaliyoachwa Ufilipino, na mengi yalifika yakiwa yamechakaa. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Ardhi ya Kongwa haikupimwa ipasavyo wala mvua yake haikuchunguzwa. Udongo ulipokauka ukawa kama saruji, na Januari 1951 mpango ukaachwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Mtu wa ridhaa aliyepima kasha lake kwa volti 6.3 kabla ya kulitia volti 1,000 alikuwa na busara ambayo wizara nzima ya London haikuwa nayo.

Na wale askari wetu wa mawasiliano je? Hapa twasema kwa huzuni. Tanganyika mtu hakuruhusiwa kuwa na mtambo wa kupelekea sauti bila leseni. Waliokuwa na leseni za ridhaa walipewa alama za wito zilizoanza na VQ3. Kenya ilikuwa VQ4, Uganda VQ5 na Unguja VQ1. Walioshika alama hizo katika miaka ile walikuwa karibu wote Wazungu. Mtu aliyeweza kuiponya seti ya redio katika matope ya Burma alirudi Shinyanga akakuta jembe, ng'ombe na kodi. Vyombo vilivyokuwa vikiuzwa kwa bei ya takataka London havikumfikia, na kama vingemfikia, sheria ingemwuliza anavitaka kwa kazi gani. Kwa maoni yetu hiyo ilikuwa hasara kubwa kuliko ile ya karanga, ingawa haikuandikwa katika hesabu yoyote. Chuma cha vita kilipewa kazi mpya. Ujuzi wa vita, kwa watu wetu, uliachwa upate kutu.

Redio yenyewe ilikuja kwa njia ya utangazaji. Kusini yetu, Lusaka, mtambo mdogo ulianzishwa mwaka 1941 kwa ajili ya kueneza habari za vita. Vita ilipokwisha haukufungwa bali uliendelea kwa kuwasemea Waafrika kwa lugha zao, na mwaka 1949 ikatolewa kwa ajili yao redio ya betri, yenye umbo la sufuria, kwa pauni 5. Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na Unguja mwaka ule ule. Uganda ilifuata mwaka 1954, na mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Sauti ya Dar es Salaam ilipaswa kusafiri zaidi ya maili 450 ili ifike Shinyanga, na ikisha kufika ilikutana na vijiji visivyo na umeme. Mkulima wa pamba aliyenunua redio baada ya mavuno alinunua na betri zake, na jirani wote wakaja jioni. Maneno waliyoyasikia yalikuwa yametwikwa mpagazi kwa namna tuliyoieleza.

Katika miaka ya 1950 na 1960 watu wa ridhaa wengi waliiacha AM. Walikuwa wamehesabu kwamba hata mzigo ukiwa kamili, theluthi mbili za nguvu yote hutumiwa na mpagazi, na mpagazi hana habari yoyote ya kusema. Wakatumia mitambo ya kumrudisha mpagazi nyumbani na kupeleka nusu moja tu ya mzigo, na redio ya msikilizaji ikajitafutia mpagazi wake. Namna hiyo, iitwayo SSB, haina haja ya transfoma ya modulesheni. Vituo vikubwa navyo vilipata baadaye mitambo isiyo na vali, ambayo huikatakata nguvu ya umeme kwa kasi, na transfoma za tani nyingi zikang'olewa. Viwanda vingi vikaacha kuzitengeneza. Tangu hapo bei imegeuka: waliobaki na AM, Marekani na Uingereza hasa, huzitafuta zile za BC-610 na ART-13 kwa bidii, na kasha lililouzwa kama viazi mwaka 1947 sasa hufungwa kwa blanketi linaposafirishwa.

Kwetu alama ya wito sasa ni 5H, na leseni ya ridhaa huombwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, bila kuulizwa rangi. Katika vijiji vya machimbo, Geita na Kahama, wanunuzi wa vyuma chakavu hupita na mizani, na kila chenye shaba ndani hupasuliwa. Kijana akikuta humo kasha zito lililozibwa kwa lami, lenye vichwa vinne au zaidi vya vigae, asilipasue kwa ajili ya kilo moja ya shaba. Na alichunguze kama linavuja, maana baadhi ya mafuta yaliyotiwa katika kapasita na transfoma za zamani yalikuwa na sumu iitwayo PCB, ambayo haifai kuguswa kwa mkono wala kuchomwa moto. Likiwa kavu, alipeleke kwa mwalimu wa sayansi pamoja na kipimo cha volti, waanze na volti 6.3.